Kuku wa Ancilla Waenda Kumwona Mzazi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Ancilla alitwanga vitunguu saumu, kipande cha tangawizi na majani ya mlonge, akavichanganya na chakula cha kuku wake wa nyama. Walikuwa kumi na mmoja, katika banda la matete nyuma ya nyumba yake, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kundi lililotangulia lilikufa lote kwa kuhara. Hili halikuwa na ruhusa ya kufa, kwa sababu Doriane, binti yake, alikuwa amejifungua kule Kakoba, Mbarara. Kwao Burundi, binti akijifungua, mama yake humpelekea chakula na kumpakata mtoto. Asiyekwenda husemwa mpaka kaburini.

Jirani yake Kabanda, mfugaji kutoka Kivu Kusini, alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Chachu ya kibuyu hicho haikuwahi kukatika tangu kwao milimani.

"Weka kidogo mu maji yabo, Mama Doriane," alisema. "Iko na tududu tuzuri twa tumbo. Tulivuka mipaka na miguu, bila hata karatasi moja."

Kuhara hakukuonekana tena. Wiki ya tatu kuku walianza kupanga foleni mbele ya chakula, bila kusukumana, jambo lililowashinda hata wanakwaya. Wiki ya nne walisema. Walianza na salamu, maana walikuwa na adabu, kisha wakauliza kama maji ni ya leo. Ancilla akawajibu kuwa ni ya leo.

Jumatatu alikwenda ofisi ya kambi kuomba kibali cha kusafiri, kwa mara ya nne. Kuku walimfuata, wakaona foleni, wakajipanga nyuma yake.

Karani aliitwa Mbabazi, mtu mpole, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumtukana inavyostahili.

"Nyabo, mama yangu, sababu ya safari?"

"Kumwona mjukuu wangu."

"Hiyo haiko kwa fomu. Wewe rudi Jumatatu."

Aliyefuata alikuwa kuku. Mbabazi akatoa fomu ya mifugo, ambayo ni fupi. Akamtazama macho, akamwinua mkia, akaandika: afya nzuri sana.

"Sababu ya safari?"

"Kuliwa," alisema kuku.

Hiyo ilikuwepo. Mbabazi akagonga muhuri mara kumi na moja.

Ancilla aliumia, tusifichane. Alikaa nje ya ofisi akilia kwa hasira, kisha akajifuta kwa kitenge na kurudi nyumbani, maana mzazi hangoji. Aliwaosha kuku miguu, akawafungia unga wa uji, akawafundisha la kumwambia Doriane. Wakapanda gari la asubuhi, yeye akabaki. Kwenye kizuizi askari alisoma vibali vyao na kuwarudishia kwa mikono miwili.

Walirudi baada ya siku mbili, wakiwa kumi. Wa kumi na moja alibaki Kakoba, ndani ya supu, kama walivyokubaliana wenyewe, na Doriane alipata maziwa ya kutosha. Waliripoti kwamba mtoto ni wa kike, hulala amekunja ngumi, na kila mmoja wao alimpakata kwa zamu.

"Ni mzito?" Ancilla aliuliza.

Kuku walishauriana.

"Kama mmoja wetu na nusu."

Ancilla akampakata kuku mmoja mapajani, akaongeza kopo la maharage, akakaa hivyo mpaka jua likazama. Kuku hakujitikisa.

Jumatatu iliyofuata fomu ilitaka mdhamini mwenye kibali. Kuku alitia saini kwa ukucha, wino haukumwagika. Mbabazi aliusifu sana mwandiko, akamwambia nyabo arudi Jumatatu.

Kuku wameshakwenda Kakoba mara saba. Safari ya mwisho walikuta mtoto ameota meno mawili, tena anamwita mama kila anayeingia na manyoya.