Mtoki wa Mama Jilala

Na wewe unayesoma, umeshamwona mama akishindwa kunyanyua mkono, ukainamia simu yako. Usikatae. Huku machimboni tunamkumbuka mmoja.

Sesilia, Mama Jilala, ameponda mawe ya dhahabu Runzewe miaka tisa. Nyundo ikikosa jiwe hupata kidole, kidole kikitunga usaha kwapa huota mtoki, tezi iliyovimba. Kila mponda mawe anajua hilo. Basi alipojigonga kidole na mtoki ukamtokea kwapa la kushoto, mumewe Maduhu alichemsha maji ya chumvi akamkanda kila jioni, akijiita daktari. Miezi mitano.

Sesilia alipogusa uvimbe kwenye titi lake ndipo wakapanda basi kwenda hospitali. Nurjahan, mpimaji wa ultrasaundi, alimpaka jeli ya baridi, akapitisha kifaa juu ya titi, kisha akamwomba ainue mkono. Sesilia akabana kwapa. Huo ni mtoki wa nyundo, akasema, mume wangu anautibu.

Nurjahan akawaeleza wote wawili bila kuficha kwamba uvimbe ule wa titi huenda ni saratani. Saratani ya titi ikianza kutembea, mara nyingi hupitia kwanza kwenye tezi za kwapani. Ikiwa imefika huko, matibabu hubadilika. Wasipopima, wanaweza kukata titi na kuuacha ugonjwa nyuma.

Maduhu akaitazama mikono yake. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Jilala, inua. Mimi si daktari. Nilikuwa napenda tu kukukanda."

"Najua, Baba Jilala. Kidole kilipona mwezi ule ule wa kwanza, mtoki ukabaki. Nilinyamaza, usije ukaacha."

Akainua mkono. Kwenye kioo cha mashine tezi moja ya kwapa ilionekana ya duara, nyeusi tupu, haina kile kiini cheupe cha tezi yenye afya. Wakachoma sindano, wakachukua chembe za kupima. Wiki mbili baadaye jibu likaja: ni saratani, imefika kwapani, haijafika mbali. Akaanzishiwa dripu ya dawa za saratani kwanza, upasuaji utafuata. Maduhu sasa anapika uji na kumkanda miguu, na Sesilia anawaambia wagonjwa wenzake kwamba daktari wake huyu hana cheti, ila hafukuziki.

Wewe je? Mkeo, mama yako, dada yako yuko wapi saa hizi? Inuka, kamuulize habari ya titi na kwapa. Akiwa na uvimbe, mpeleke, wapime kote kuwili. Na kama hospitali yenu haina mashine ya ultrasaundi, kusanyeni watu mkasimame mlangoni kwa mkubwa wa wilaya muidai. Leo.