Harde ya Kuchemsha

Mzee Nsajigwa aliharisha mpaka macho yakamwingia ndani, na mtu aliyeijua dawa yake ndiye ambaye hakuruhusiwa kumkaribia. Huyo alikuwa Tulinagwe, mke wa mwanawe Ipyana. Ipyana mwenyewe alikuwa Tukuyu, akibeba mawe ya boma la Wadachi, na mawe hayo hayakuwa na haraka ya kwisha.

Katika ukoo ule mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Akisikia kikohozi chake njiani, anajificha migombani mpaka apite. Na mzee, kwa adabu, hukohoa mapema. Aliyevunja mwiko huo alirudishwa kwao bila mjadala. Tulinagwe alizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi wafinyanzi, na hakuwa na hamu hata kidogo ya kurudishwa. Alimpenda Ipyana, basi.

Vyungu vyake aliviuza Mwaya, kwa Jivraji, Mhindi mwenye duka. Kila akimaliza kula, Jivraji alitafuna kipande cha tunda kavu, jeusi, lenye mikunjo kama goti la kizee. Aliliita harde, na lilimjia kutoka kwao Bara Hindi. Tulinagwe alipomweleza ugonjwa wa nyumbani, Jivraji alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mama yake.

"Tunda moja, kazi nyingi," alisema. "Ukitafuna, unapata hamu ya chakula. Ukisaga, linafungua tumbo, linasafisha kila kitu. Ukichemsha, linafunga. Huyo mzee wako, chemsha. Ukimsagia, mama, unamzika."

"Ndaga," Tulinagwe alishukuru kwa Kinyakyusa. Alimwachia chungu kikubwa, akapewa konzi moja ya harde.

Nyumbani aliyakabidhi matunda kwa mama mkwe, Angetile, nyuma ya nyumba, akarudia maneno ya Mhindi yote. Angetile aliitikia vizuri. Kisha akaingia ndani na kufanya walichofanya wanawake wa nyumba ile tangu enzi: akaanza kusaga. Dawa ilisagwa. Kitu cha kuchemshwa kizima, kwake yeye, kilikuwa mboga.

Tulinagwe alikuwa migombani alipousikia mlio wa jiwe. Kupaza sauti hakuweza, maana mzee angeisikia. Alisimama pale akiliomba jiwe linyamaze, nalo halikunyamaza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuliogopa ziwa. Halafu akaingia.

Nsajigwa, kwenye mkeka, alimwona mlangoni, akageuza uso ukutani. Tulinagwe alimwaga unga wote jivuni, akayatia matunda yaliyobaki kwenye chungu alichokifinyanga mwenyewe, akakaa karibu na mafiga mpaka maji yakawa ya kahawia. Angetile alikuwa amejishika kichwa.

"Umetuaibisha," alisema.

"Mnyweshe, mama. Kunifukuza mtanifukuza baadaye."

Mzee alikunywa. Tumbo likafunga, akaomba ndizi, kesho yake akaomba tena. Alipoweza kusimama, Angetile aliwaita wazee wa ukoo, maana mwiko ni mwiko. Tulinagwe alifunga vitu vyake, akasubiri nyuma ya nyumba.

"Ni kweli mke wa Ipyana aliingia ulipolala?" aliuliza Andongwisye, mkubwa wao.

"Nilikuwa natazama ukuta," Nsajigwa alijibu. "Sikuona mtu."

"Na dawa, nani alikupikia?"

"Mke wangu. Nani mwingine apike nyumbani kwangu?"

Wazee walimgeukia Angetile.

"Ni mimi," alisema.

Wazee walikunywa pombe yao, wakaondoka. Tulinagwe alifungua mzigo wake. Alishukuru, na hapo hapo akaumia, kwa kuwa sifa ilikwenda kwa aliyetaka kusaga.

Asubuhi alikuwa akitoka mtoni na mtungi aliposikia kikohozi. Akaingia migombani, akachutama. Nyayo zilikuja polepole, zikasimama karibu naye. Mzee hakugeuka. Alizungumza na mgomba uliokuwa mbele yake.

"Mgomba," alisema, "mwanangu akirudi kutoka Tukuyu, mwambie ameoa mke hasa."

Akakohoa tena, akaendelea na njia yake. Tulinagwe alilia pale chini, kimya, na hakutoka mpaka mzee alipofika mbali.