Nyamaza Nikutibu

Jumatatu saa kumi na moja jioni, katika ukumbi wa mihadhara wa chuo cha udaktari huko Halifax, Odile Comeau wa mwaka wa tatu aliiga sauti ya Profesa Beaton kwa mara ya nne, na safari hii ikaja sauti yenyewe. Ilikuwa nzito, ya puani kidogo, na ilikohoa kabla ya kuanza. Desmond Gillis aliyekuwa kwenye piano aliacha kupiga, akasikiliza.

"Hiyo hapo," alisema. "Sasa ishushe kidogo, twende tena."

Ghorofa tatu juu yao, Profesa Alasdair Beaton alikuwa akimweleza mtu kwenye simu jambo ambalo mtu huyo alikwisha kulielewa. Sauti ikamkatika katikati ya neno. Alichukua ubao mdogo, akamwandikia katibu wake: Sauti imeondoka.

"Itakuwa kwa wale watoto wa mchezo, Prof," katibu alisema bila kuinua kichwa. "Mwaka jana walichukua mwendo wa profesa wa mifupa, ukarudi umelegea goti. Jumamosi wanamaliza. Vumilia."

Alivumilia. Kila Machi wanafunzi walitunga mchezo wa nyimbo wa kuwacheka walimu wao, na waliochekwa walikaa mstari wa mbele. Kuchekwa kulikuwa heshima. Profesa wa figo, ambaye hakuguswa kwa miaka mitatu, alikuwa amewaandikia barua akiorodhesha kasoro zake mwenyewe.

Odile alipewa wimbo mkubwa, "Nyamaza Nikutibu". Ndani yake profesa anamkatiza mgonjwa kila anapofungua mdomo, mpaka mgonjwa anakufa, anafufuka ili amalize sentensi, na anakatizwa tena. Sauti ya Beaton iliupenda wimbo huo. Ilipanda juu mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kuifikisha. Mbwa wa profesa, alipoisikia barabarani, alimfuata Odile hadi bwenini. Jumatano mke wa profesa alipiga simu.

"Mwanangu, niazime hiyo sauti dakika moja. Kuna mtu wa kuzoa theluji hapa ananijibu ovyo."

Odile alimkaripia mtu wa theluji kupitia simu, na njia ikasafishwa.

Kila asubuhi wiki hiyo Odile alikuwa mwanafunzi katika wadi ya Beaton. Fomu yake ya tathmini ilisubiri sahihi ya profesa, mwisho Jumatatu inayofuata. Bila sahihi angerudia wiki zote sita za wadi hiyo. Kwa hiyo alifunga mdomo wadini, kwa kuwa hakutaka kuiachia ile sauti kabla ya Jumamosi, na haikuwa adabu kuzungumza kwa sauti ya mtu mbele yake. Wanafunzi wengine walikuwa hawasemi mpaka profesa aseme. Mzunguko wa wadi ukawa kimya.

Jumanne walisimama kwenye kitanda cha Bi Leonie Surette, aliyekuwa akizimia mara kwa mara. Moyo wake ulipiga mara thelathini na nane kwa dakika, na Ijumaa angepasuliwa kifua kidogo awekewe kifaa cha kuuendesha.

"Nilikuwa nimesimama jikoni," alisema, akasita. Kwa siku tisa alikuwa amekatizwa papo hapo. Akamtazama profesa. Profesa akamtazama yeye.

"Ehe? Leo mnaniacha?"

Alijiinua kwenye mto.

"Haya. Nilikuwa nimesimama jikoni, nimetoka kutia dawa ya macho, ile ya presha ya macho niliyoandikiwa Krismasi. Kila nikiitia, haipiti muda, naanguka. Si kwamba nawaficha, wanangu. Nilikuwa sijafika hapo."

Maelezo yote yalichukua dakika moja na sekunde arobaini. Profesa aliandika kwenye ubao: Simamisha dawa ya macho. Kufikia Alhamisi moyo wa Bi Surette ulipiga mara sitini na nne, na upasuaji ukafutwa. Wagonjwa wengine wanne walimaliza hadithi zao wiki hiyo. Mmoja alikuwa akitibiwa mguu usiouma.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wanafunzi walikunywa juisi ya tufaha kutoka kwenye mifuko ya mkojo. Figo mbili zenye miguu zilimchezea profesa wao, naye akalia kwa furaha, akaomba zirudie. Odile alipoanza wimbo wake, Beaton alicheka mpaka mabega yakamtetemeka, bila mlio. Bi Surette, aliyekuja na wajukuu, alisimama juu ya kiti.

"Mwacheni amalize!" alipiga kelele, na ukumbi mzima ukaipokea kauli hiyo na kuiimba mara kumi na moja.

Baadaye Beaton alikuja nyuma ya pazia na ubao wake ulioandikwa: Nimeimba vizuri sana. Sasa naiomba sauti yangu. Jumatatu nina wadi.

Desmond alimvuta Odile pembeni. "Usimpe! Si umeona mwenyewe? Wiki moja tu, watu watano. Kaa nayo mpaka Juni."

"Na fomu yangu? Wiki sita utazirudia wewe?"

"Mimi nina zangu."

"Ndiyo hivyo."

Ili sauti irudi, ilitosha aache kumuiga. Odile alimgeukia profesa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Asante, Prof, kwa kuniamini na—"

"Vyema, vyema," alisema Beaton, na kumpigapiga begani.

Jumatatu wadi nzima ilikuwa ikiuimba wimbo kwa chinichini, Beaton akiongoza. Kwenye kitanda cha tisa alikuwapo Bwana Wendell Kaulbach, aliyelazwa Jumapili kwa maumivu ya tumbo.

"Ilianza siku ile tulipo—"

"Nyongo," alisema Beaton. "Ultrasaundi, na asile kitu. Comeau, andika."

Fomu ilikuwa tayari mfukoni mwa Odile, imetiwa sahihi, alama za juu kabisa. Bwana Kaulbach alikuwa bado amefungua mdomo, akimtazama yeye sasa. Profesa alikwisha kufika kitanda cha kumi.

Odile aliangalia saa, akaandika: Mgonjwa hana la kuongeza.