Benchi la Mbele

Binti yetu ni muuguzi, na hambembelezi mtu. Mwaka huu aliniambia, "Baba, macho yako yamechoka. Hizi kazi za kupaka mafuta mbao za mashua ziache." Nikamjibu, kwa kiburi changu, kwamba siku nitakayoharibu kazi moja, moja tu, ndiyo siku nitakayoweka chini vitambaa vyangu vya kufutia. Tukapeana mikono. Nami nikishampa mtu mkono, basi.

Ndipo ikaja mashua ya matanga ya mwalimu mmoja mstaafu, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Chumba chake cha ndani kimejengwa chote kwa mbao ngumu za msaji: rafu, milango, mabenchi mawili ya kulalia. Siku ya kwanza niliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikifuata nyuzi za mbao. Siku ya pili niliziacha zikauke. Siku ya tatu nikapaka mafuta, nikangoja robo saa mbao zinywe, kisha nikafuta yaliyobaki. Kufuta ndiko kazi yenyewe. Mafuta yasiyofutwa hayaleti mng'ao; yanageuka gundi.

Siku ya nne mke wangu aliniletea chai. Akashuka ngazi polepole, akasifu harufu, akaketi kwenye benchi la mbele. Alipotaka kuinuka, gauni likagoma.

"Mzee wangu," akasema, "kama ulitaka nisiondoke, si ungesema tu?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikapapasa benchi, kicheko kikaniisha. Lilikuwa linanata kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na hakika nimelifuta.

"Nimeharibu," nikasema. "Jioni nitamwambia mtoto."

"Haitengenezeki?"

"Inatengenezeka. Unapaka mafuta mapya kidogo na tapentaini, yale yaliyoganda yalainike, halafu unasugua. Lakini siyaoni, mama watoto. Hilo ndilo tatizo."

Sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Hakunipa pole. Alikunja mikono ya gauni, akanitupia tambara.

"Mimi naona. Wewe sugua."

Nikasugua, yeye akiwa amepiga magoti kando yangu na tochi. "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu! Hapo. Bado panang'aa kama upara wako." Mkono wangu ulipochoka, wake ukapokea. Matambara tuliyatoa nje tukayaanika moja moja, maana yakirundikwa na mafuta hushika joto, hata yakawaka yenyewe.

Binti yetu alikuja kutuchukua alasiri. Akapitisha kiganja kwenye mbao, benchi kwa benchi.

"Hujaharibu mahali, Baba?"

Mke wangu akanikanyaga mguu. Lakini aliyetoa mkono ni mimi.

"Hilo benchi la mbele. Mafuta yaliganda, sikuyaona. Mama yako ndiye aliyeyaona. Tumeyatoa pamoja."

Alitutazama mikono, ya kahawia mpaka kwenye vifundo.

"Tulikubaliana, Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kazi ya peke yako imekwisha."

"Imekwisha," nikasema.

"Ya peke yake, ndiyo," mke wangu akadakia, huku akifungua kopo. "Rafu hizi zinataka mafuta mara ya pili. Mwanangu, hebu sogea, unatuzibia mwanga."

Binti yetu akavua viatu, akasogea.