Siku Baba Aliponyoa

Ndevu za baba yangu zilifika kitovuni, na anayebisha akamuulize Mama kaburini. Nilizaliwa nikazikuta, nikakua nazo, na utotoni nilidhani kila baba wa Korsika huumbwa hivyo. Jibini mbichi ya kondoo ikiletwa mezani, nusu aliila yeye, nusu ziliila ndevu, na Mama alimpangusa huku akifoka: "Orsatu, leo umemlisha nani?" Naye alicheka mpaka vikombe vikagongana. Jamani, nyumba ile ilijua kucheka! Siku hizi mna redio, na kucheka mmeiachia redio.

Lakini ndevu zile hazikuwa urembo. Kwetu mwanamume aliyeuliwa mtu wake hanyoi mpaka alipize damu kwa damu. Babu yangu alipigwa risasi kwa sababu ya nguruwe. Nguruwe mmoja, tena kilema, aliyevuka korongo akala kokwa za kastanya chini ya miti ya jirani. Jirani akamuua nguruwe, Babu akaenda kudai, jirani akamuua na Babu. Siku ile Baba akaweka wembe kabatini, na mimi nilikuwa bado tumboni.

Miaka kumi na tisa ikapita na Baba hakumgusa mtu. Bunduki aliibeba, dirisha letu la upande wa korongo aliliziba kwa mawe kama desturi ilivyotaka, lakini kuua hakuua. Watu walimsema. Siku moja uwanjani mlevi mmoja akampigia kelele: "Orsatu, hizo ndevu za kisasi au za beberu?" Baba akamjibu, "Za beberu. Jichunge, nina pembe." Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilimwona akizisokota ndevu njia nzima ya kurudi, nikajua lile limemchoma.

Na kati ya vijana wote wa kisiwa hiki, mimi nikampenda nani? Mtoto wa jirani yule yule. Matteu. Tulikutana kwenye kibanda cha kukaushia kastanya, moshi ukitutoa machozi, tukikohoa kuliko tulivyoongea.

"Baba yako ataniua, Saveria."

"Kwa miaka kumi na tisa hajaua hata mbwa, leo aanze na wewe? Umejiona nani?"

Lo, alivyokuwa akicheka kijana yule! Alikuwa na pengo hapa mbele, na nilimpenda na pengo lake.

Matteu akamtuma padri kwa baba yangu kuniposa. Kwa baba yake mwenyewe hakufungua mdomo. Alitaka apate kwanza neno la kwetu. Kisha akapanda mlimani kwa kondoo wake, akisema atarudi Jumamosi. Baba aliwaza siku tatu. Hakula jibini, hakumtania Mama. Siku ya nne, Jumamosi yenyewe, mvua ikinyesha, akaniita.

"Mwanangu, huyo kijana anakufaa?"

"Ananifaa, Baba."

"Akikukera?"

"Nitamkera zaidi."

Akacheka, kicheko chake kile kikubwa, kisha akafuta macho. "Basi. Nimechoka, mwanangu. Mzee wangu hatafufuka hata nikikuacha uzeekee jikoni."

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Baba akaomba maji ya moto na wembe. Mama alishika kioo akichungulia, maana uso ule aliuaga akiwa bibi harusi. Ndevu zikadondoka kwenye beseni, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikamwona baba yangu. Kidevu chake kilikuwa kidogo, cheupe kama unga. Nikamgusa. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni kijana!" Akaona haya kama mwari.

Padri alitaka atangulie yeye kupeleka habari. Baba akakataa. "Msamaha ni wangu, nitaupeleka kwa miguu yangu." Akavaa koti la harusi yake. Bunduki akaiacha ukutani. Akanipa jibini iliyofungwa kwa majani nibebe, tukashuka korongoni na kupanda ng'ambo, yeye mbele, akipiga mluzi.

Sasa niambieni, tulikuwa na akili sisi? Mimi na Mama na yeye na padri, watu wazima wanne, hakuna aliyekumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Korsika analijua! Mwanamume wa kisasi akionekana amenyoa, ameshaua. Hakuna maana nyingine. Furaha ilitupofusha.

Na Matteu alikuwa hajarudi. Mvua ile ya Jumamosi ilijaza mto, akakwama ng'ambo ya mto pamoja na kondoo wake. Baba yake alikesha dirishani akimngoja. Asubuhi akamwona nani? Adui yake, amenyoa, amevaa koti la sikukuu, hana hata bunduki, maana kazi yake imekwisha, anakuja akipiga mluzi.

"Mwanangu umemlaza wapi?" ile sauti ilitoka dirishani, na risasi ikatoka pamoja nayo. Hakungoja jibu. Baba alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka na kupanda mlima. Nilipiga kelele, "Matteu yu hai! Amenyoa kwa ajili ya Matteu!" Nilisema na kusema mpaka sauti ikakauka. Baba hakusikia tena. Saa moja baadaye kondoo wakateremka njiani na kengele zao, na Matteu nyuma yao, amelowa, mzima kabisa.

Jumatatu adhuhuri Baba alilazwa mezani. Kwetu ni binti anayemwimbia maiti, na katika wimbo humtaja muuaji. Akishamtaja, wanaume wa nyumba wameshaapa kulipiza. Baba mdogo Petru alisimama mlangoni, akagonga kitako cha bunduki sakafuni.

"Imba, mwanangu. Mtaje. Tunakusikiliza."

Msinifanye mtakatifu. Nilitaka kumtaja. Nilimchukia mzee yule, na mpaka leo namchukia, padri aseme atakalo. Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilimjua baba mdogo: asingehangaika na mzee wa kufa leo au kesho. Angemchukua kijana, ili mzee abaki akilia. Na kijana alikuwa nje uani, kofia mkononi, hathubutu kuingia.

Nikaimba. Niliimba jibini ndevuni. Niliimba nguruwe kilema, wanawake wakacheka katikati ya kilio. Niliimba mtu aliyetoka kwake bila bunduki kwenda kutoa msamaha. Wimbo nikauishia hapo.

"Umesahau jina?" Baba mdogo akauliza.

"Sikusahau."

Akaiegemeza bunduki ukutani, akakaa chini kati ya wanawake, akalia.

Matteu alipanda meli ya Marseille mwezi uliofuata. Hakuniomba nimfuate, na angeniomba nisingekwenda. Mkwe wangu angekuwa nani? Mimi sikuolewa. Hakuna aliyeuawa tena, upande huu wala ule, na watoto wa ng'ambo ile wanakuja kwangu kuomba kastanya. Wananiuliza, "Bibi, ni nani hasa aliyempiga baba yako?" Wajukuu wa mzee yule mwenyewe wananiuliza! Nawapa kastanya. Nanyi mmekaa hapa tangu asubuhi, mmemaliza kahawa yangu, mmesikia yote. Je, nimewatajia?