Upande wa Nyuma wa Pazia

Sindano ilikwama tena. Kalolaine aliisukuma kwa kidole kilichovikwa subana mpaka ikapenya matabaka yote mawili, jeupe juu na jeusi chini, akavuta uzi, akaukaza, akasogea kiganja kimoja mbele. Tangu asubuhi alikuwa akisogea hivyo, magoti yakiburuzika juu ya sakafu ya ghala ambalo kwa miaka ishirini halikuwa limeona mbata, lakini bado lilinuka mafuta yake. Pazia la sinema lilikuwa limetandazwa chini, hatua kumi na mbili kwa saba. Aliyeagiza lishonewe kitambaa cheusi nyuma alikuwa nje, anazungumza kwenye simu.

Alizungumza kwa kuzunguka. Hilo lilimchosha Kalolaine kuliko magoti. Uaisele, mtoto wa marehemu kaka yake, hakuweza kusimama mahali pamoja akiongea na watu wa Auckland, ng'ambo ya bahari. Aliuzunguka mshelisheli kama mbuzi wa kamba, viatu vyake vya ncha kali vikitifua vumbi jeupe la matumbawe.

"Anasema nini huko?" aliuliza Meleane, jirani aliyekuwa anashona pindo la pili.

"Maono."

"Maono tena?"

"Tangu ashuke kwenye ndege mwezi wa nne ana maono. Baba yake alipoanza kuona maono, tulimpa dawa ya homa."

Meleane alicheka mpaka akajichoma kidole.

Kalolaine hakucheka. Dharau yake haikuwa ya kelele. Alimdharau kijana yule kama mtu anavyodharau manyunyu: bila hasira, bila hata kutafuta pa kujikinga. Aliidharau karatasi yake ya rangi nne aliyoibandika ukutani, yenye mishale inayopanda juu kama mijusi. Aliidharau namna alivyoliita ghala "ukumbi" kabla halijapata hata choo. Leo sinema, alisema Uaisele, mwakani studio ya muziki, halafu ngoma kwa wageni wa meli. Kampuni nzima ya burudani, hapa hapa kijijini. Benki ya mjini ilimsikiliza kwa adabu ikamfungulia mlango wa kutokea. Alibaki na bwana mmoja wa Auckland, mwenye kumbi zake huko, aliyeahidi kuja na ndege ya Ijumaa. Angeketi ukumbini Jumamosi. Ukijaa, angetia fedha zake. Usipojaa, ndege ilikuwapo pia ya kurudi.

Mashine ya kuonyeshea sinema na spika zake zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Mkopeshaji wa mjini alitaka rehani, na rehani aliyoipokea kwa mikono miwili ilikuwa mkeka wa ukoo, mwembamba kama hariri, uliosukwa na bibi yake Kalolaine. Mkeka huo ulikuwa umefunika majeneza matatu na kufungwa viunoni mwa maharusi watano. Shangazi mkubwa ndiye mwenye kuutoa, hakuna mwingine. Uaisele alipouomba, Kalolaine aliukunjua, akauangalia mara moja, akampa. Ukoo wote ulisema: tazama shangazi anavyompenda mtoto wa kaka yake.

Hayakuwa mapenzi. Alitaka kuona mpumbavu atatembea umbali gani kabla ya kuuliza njia.

"Jumamosi unakuja?" Kalolaine alimuuliza Meleane, ingawa jibu alilijua.

"Nije wapi? Kaka yangu Feleti amenunua tiketi."

"Na wewe hukununua?"

"Nimenunua. Nimemchangia mtoto, jamani. Ila siku yenyewe nitakaa nyumbani nimpikie Feleti majimbi, akirudi ale."

"Na kina Sela?"

"Kaka zao wanne wanakuja. Sasa Sela akakae wapi, juu ya paa?" Meleane alishusha sauti. "Na nasikia kwenye picha yenyewe watu wanabusiana."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Dada na kaka hawaketi chumba kimoja wakitazama watu wanaokumbatiana. Hata runinga ikiwa inataja bei ya samaki tu, kaka akiingia dada huinuka kama aliyekumbuka chungu jikoni, maana nani ajuaye kitakachofuata? Na kijiji kile, ukihesabu watoto wa baba wadogo na wa mama wakubwa, nusu yake ilikuwa kaka na nusu yake dada. Jambo hilo halikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kulisahau. Uaisele hakuwa amelisahau; alipelekwa Auckland akiwa na miaka mitatu, hakupata nafasi ya kulijua. Karatasi yake ya rangi nne ilikuwa na safu ya umri wa watazamaji, na safu ya umbali wa makazi yao. Alikuwa ameuza tiketi mia moja na ishirini, akaazima viti mia moja na ishirini kanisani. Watu wangekuja sitini, au arobaini.

"Mwambie basi," alisema Meleane.

"Mimi? Mwenye maono ni yeye."

Meleane alimtazama kidogo, akakata uzi kwa meno, akaaga.

Uaisele aliingia akijifuta jasho kwa tai. "Shangazi! Amethibitisha. Kesho saa nane nampokea." Alichuchumaa, akapapasa mshono. "Kazi safi. Mwanga ukipita nyuma unapotea bure, ndiyo maana ya hiki cheusi."

"Tiketi za wanawake ngapi?"

"Nusu kwa nusu! Nimeshangaa mwenyewe."

"Na watakuja?"

"Si wamelipa?"

Kalolaine alitunga uzi mpya. Lilikuwepo neno mdomoni mwake, dogo, la kusemwa kwa pumzi moja, lakini alilimung'unya kama kokwa la tunda na utamu wake haukumwisha. Kijana naye alikuwa ameketi sakafuni, suruali yake ya pasi juu ya vumbi, anauchezea uzi uliodondoka.

"Unajua kwa nini sinema, shangazi? Ningeweza kufungua duka la magurudumu. Baba alinishauri magurudumu." Alicheka kidogo. "Lakini kila usiku akinilaza alinisimulia ile moja tu aliyoiona ujanani, ilipoletwa hapa kijijini, kwenye jumba la kanisa. Yule mpanda farasi mweupe, anayevuta bastola kwa mkono wa kushoto. Nimeitafuta Auckland nzima. Nimetazama sinema za farasi kama mia mbili. Hakuna hata mmoja mwenye shoto."

Sindano ilisimama.

"Alitumia kulia," alisema Kalolaine.

"Uliiona?"

"Niliiona. Kulia."

"Baba alisema kushoto. Alikuwa anaapa. Aligombana na watu kazini kwa ajili ya mkono ule."

Siku ile, katika jumba la kanisa, Kalolaine alikuwa na miaka kumi na mitano. Shuka lilitundikwa mbele ya dirisha kubwa la upande wa bahari. Alikaa chini na wasichana wenzake, na mashine ilipoanza kunguruma, kaka yake alitokea mlangoni, nywele zimepakwa mafuta, shati la Jumapili mwilini. Aliziona nywele za dada yake. Aligeuka, akaondoka taratibu, na yeye Kalolaine hakuinuka. Kwa miaka arobaini na minne alidhani kwamba kaka yake alirudi nyumbani. Hata alimdharau kidogo kwa urahisi ule wa kuondoka.

Dirisha lilikuwa halina vioo.

Alitia mkono ndani ya kopo la vifaa, akatoa wembe, akaanza kukata mishono aliyoishona tangu asubuhi. Kitambaa cheusi kilifunguka kama ganda.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Viti nusu viondoe pale."

"Nivipeleke wapi? Ukumbi utaonekana mtupu!"

"Nyuma ya pazia."

"Nyuma kuna ukuta."

"Basi pazia lisogee katikati. Na toboa mlango mwingine pale, dada waingie bila kupishana na kaka zao. Wewe si fundi wa mishale?"

"Na anayefika kesho nimwambie nini? Kwamba tunauza viti vya nyuma ya pazia?"

"Funga mlango, uwashe mashine yako."

Labda alikuwa amechoka kubishana. Labda ni ile sauti, ambayo hata baba yake asingeikatalia. Waliipitisha kamba kwenye boriti, wakaliinua pazia, na cheusi kikaning'inia nusu kama ngozi ya mnyama aliyechunwa bila kumalizwa. Sehemu iliyofunguliwa ilikuwa na ukubwa wa mkeka tu. Ghala likawa giza. Mashine ilinguruma, na Kalolaine akapita chini ya kamba, akaenda nyuma.

Kwenye ule mraba mweupe mtu alikuwa anamimina chai. Picha ilikuwa hafifu kidogo, lakini mvuke ulionekana.

"Anamimina kwa mkono gani?" aliuliza.

"Wa kulia, shangazi. Kwani kuna nini?"

Kalolaine alisimama akautazama mkono wa kushoto ukiinua birika, ukimimina, ukiweka chini. Aliisikia mashine ikiendelea, na hatua za viatu vile vya ncha kali, polepole, zikizunguka ukingo wa pazia. Zilisimama kando yake. Kijana alitazama chai ikimiminwa mara ya pili, na ya tatu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne alitulia mahali pamoja.

"Shangazi," alisema hatimaye. "Baba aliketi wapi siku ile?"

"Hakuketi. Alisimama nje ya dirisha, nyuma ya shuka."

Mashine ilipozimwa, waliufungua mlango, na mwanga wa jioni ukaonyesha kazi yote iliyobaki: hatua kumi za mshono wa kufumua na ukuta usiotobolewa. Kalolaine aliufunga wembe katika karatasi, akauweka ndani ya kopo. Wembe mmoja usingetosha.

"Kesho uje na wembe mwingine," alisema, "kabla hujaenda uwanja wa ndege. Na viatu hivyo usivivae."