Kitunguu cha Ua Chini ya Mwaloni

Kila Aprili, theluji ikishasahaulika na maua ya msituni yakawahi jua kabla miti haijatoa majani, wazee wa kujitolea wa jimbo la Indiana, Marekani, hujipanga mstari katika msitu wa Pettibone, waking'oa kila mmea ambao asili yake si humo. Miaka thelathini mstari huo uliongozwa na Orrin, aliyechukia mimea ya kigeni kuliko alivyowachukia shemeji zake. Mwaka huu Orrin hayupo. Mjane wake, Verna, aliomba apangwe upande wa mashariki.

Sababu aliijua peke yake. Oktoba alimwaga majivu ya mwili wa mumewe, uliochomwa alipofariki, chini ya mwaloni huko, kwa siri, kutoka kwenye kopo la kahawa. Kuweka jiwe la kumbukumbu ni marufuku, na mialoni ya Pettibone yote imefanana. Basi akafukia kitunguu kimoja cha kuoteshea ua la njano la bustanini, la kigeni, ili masika ajue mtu wake yuko wapi.

Likachipua, jinga lile, la njano kama koti la mvua. Arlene, jirani yake kwenye mstari, alikuwa hatua kumi tu. Verna akalikalia.

"Umechoka mapema hivyo, mwenzangu?" Arlene akauliza.

"Goti."

"Jana kanisani ulipigania kiti cha mbele, goti halikuwepo."

"Lilikuwepo. Lilikuwa linasali."

Arlene akacheka, lakini hakusogea. Lowell, msimamizi wa msitu, akaja na gunia lake.

"Bibi Verna, mstari unakungoja. Nikuinue?"

"Nyie endeleeni. Nitawafuata."

"Mzee Orrin angekubali turuke kipande hiki?"

Verna akampa mkono, akainuka. Ua la njano lilikuwa limelala, shingo imevunjika. Kando yake, yamegandamizwa kwenye matope, maua mawili meupe ya petali tatu. Verna hakuwa ameyaona. Ua hilo jeupe, la asili ya msitu huo, huchukua miaka saba ndipo lichanue mara ya kwanza. Orrin alikuwa akizunguka mbali akivua kofia, asije akakanyaga hata jani lake.

Lowell akalitazama la njano. "Hili limefikaje huku?"

"Kindi," akasema Arlene haraka. "Wanabeba kila kitu, wale."

Lowell akamtazama Verna, akatazama mwaloni, akakuna kidevu. "Kindi," akakubali. Lakini gunia akalifungua.

"Niachie mimi," Verna akasema.

Akapiga magoti, yote mawili, akachimba kwa vidole mpaka kitunguu kikatoka kizima. Hakukitia guniani. Akakitia mfukoni, na Lowell akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mchana wenzake walikwenda kula supu ya kuku ukumbini. Arlene alisema atamwekea kiti. Verna akasema anakuja.

Akabaki njiani, penye kibao cha maelezo ya maua, akaanza kuhesabu hatua kuelekea mwaloni, ili mwakani aujue bila ua. Ishirini na tatu. Arobaini. Kwenye gogo lililoanguka ikabidi azunguke, asikanyage meupe mengine, na alipofika upande wa pili hesabu ilikuwa imempotea. Mbele yake mialoni sita, yote na udongo uliochimbuliwa na kindi wa kweli.

"Usinicheke, Orrin," akaiambia yote sita.

Akarudi kwenye kibao, akaanza tena. Moja.